Je, Zege la Uani Laweza Kubeba Bwawa la Maji?

Swali hili tuliulizwa na mzazi mmoja mlangoni pa chuo, siku ya Jumatano baada ya sala ya Alasiri, nasi tukalijibu kabla hajamaliza kulisema. Tulimwambia: "Bwana, gari la mchanga limesimama juu ya zege hili wala halikupasuka, seuze maji?" Alitutazama kidogo, akashukuru, akaenda zake. Jawabu lile, wasomaji watukufu, lilitutoka kwa wepesi ule ule tunaowakataza wanafunzi wetu wanapokimbilia kufasiri aya ambayo hawakusoma iliyo kabla yake. Tumeona ni haki ya bwana yule, na ni haki ya kila mwenye nyumba aliyeweka maji mengi uani kwake au anayetaka kuyaweka, tulieleze jambo hili lilivyokuwa, pamoja na kosa letu lililo ndani yake.

Kwanza tuseme maji yenyewe yalitakiwa ya nini. Sisi twakaa Mombasa, mji uliozungukwa na bahari pande zote, na ajabu ni kuwa watoto wetu wengi hawajui kuogelea. Mtoto wa siku hizi atoka skuli aingia chuoni, atoka chuoni aingia ndani. Bahari aiona akiwa ndani ya feri tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka walikufa watu 272, na haikuwa mbali na nchi kavu. Tena mwaka 2021 tulimzika mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka tisa, aliyekwenda pwani na wenzake kutafuta kaa. Alikuwa amebakiza sura mbili tu kumaliza Juzuu Amma. Wenzake watatu walisimama juu ya mwamba wakimtazama, wala hapakuwa na mmoja wao aliyejua la kufanya. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Tangu siku ile tulikuwa tukisema kila tukutanapo na wazazi kuwa watoto wafundishwe kuogelea, wavulana kwa zamu yao na wasichana kwa zamu yao, mahali penye sitara. Imamu Nasai amepokea hadithi inayohesabu kujifunza kuogelea katika mambo machache yasiyokuwa upuuzi, na hadithi hiyo tumeisomesha mara nyingi. Walakini wapi? Pwani wasichana hawawezi kwenda, na mabwawa ya mahoteli si mahali pa kupeleka watoto wa chuoni. Basi mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, ambaye sasa afanya kazi Muscat, akasikia khabari hii, akatuletea kwa meli bwawa la kusimamisha juu ya ardhi. Lilikuja katika makasha mawili: mabomba ya chuma ya kuunganisha, turubai zito la plastiki, ngazi, na pampu ndogo ya kusafishia maji. Upana wake ni mita 4 kutoka upande hadi upande, nalo ni la duara, na maji yake yakijaa husimama kiasi cha mita 1.

Hawakuwa wazazi wote waliofurahi. Bwana mmoja alituambia mbele ya watu: "Maalim, kazi yako ni msahafu." Hatukumjibu, kwani yule mtoto tuliyemzika alikuwa mpwa wake, na huzuni ya mtu yajua yenyewe pa kutokea.

Ua wa chuo chetu una sakafu ya zege ambayo wazazi waliichangia miaka minne kabla ya hapo, na sisi tulikuwa tukiionea fahari kubwa. Karatasi iliyokuja na bwawa ilisema, kwa Kiarabu na Kiingereza, kuwa liwekwe juu ya ardhi iliyo sawa na madhubuti. Tuliposoma neno "madhubuti" tuliitazama sakafu yetu tukaona limekwisha jambo. Khabari ya yule bedui na ngamia wake twaisomesha kila mwaka, na wala haikutupitia akilini siku ile.

Alkhamisi alasiri vijana walilisimamisha bwawa, na gari la maji likaja likamwaga. Kufika Isha maji yalikuwa yamesimama sentimita 60 hivi, na gari likaahidi kurudi kesho kutwa asubuhi na mapema kumalizia, ili siku ile ile ya Jumamosi watoto waanze. Majina 31 yalikuwa yameandikwa ubaoni. Tukaenda kulala hali moyo u baridi.

Kabla ya adhana ya Alfajiri mlango wetu uligongwa. Alikuwa ni bibi mmoja jirani wa chuo, mtu mzima aliyepindukia miaka 80, ameshika mkongojo kwa mkono mmoja na mjukuu kwa mkono wa pili.

"Maalim, hayo maji mmeyaweka juu ya jabia?"

"Jabia gani, bibi? Hilo ni zege."

"Mwanangu, zege mmelimwaga juzi. Jabia lilikuwako kabla ya mamangu kuzaliwa."

Kwa msomaji wa bara asiyelijua neno hili, jabia ni birika kubwa lililochimbwa chini ya ardhi na kupakwa chokaa ndani, ambalo watu wa pwani walilikusanyia maji ya mvua yatokayo mapaani. Misikiti ya kale ilikuwa nayo, na majumba mengi pia. Maji ya mfereji yalipokuja majumbani, mengi katika majabia hayo yalifunikwa na kusahauliwa.

Tulikwenda uani na taa. Turubai lilikuwa limesimama vizuri kwa mbali, lakini tulipochungulia tuliona kuwa upande wa kaskazini maji yamepanda karibu na ukingo kuliko upande wa pili kwa vidole viwili zaidi ya jana usiku. Na juu ya sakafu, kutoka tundu la kutolea maji ya mvua mpaka chini ya bwawa, palikuwa na ufa ambao Isha haukuwako. Ukucha uliingia.

Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza tulichokiona machoni petu hakikuwa ule ufa, bali ule ubao wenye majina 31.

Kazi ya kuyatoa maji yale ilitushika mpaka saa tano ya mchana wa Ijumaa, na hapa pana jambo ambalo twapenda mwenye bwawa alijue mapema: maji mengi hayatolewi kwa pupa. Kijana mmoja alitaka kukata turubai kwa kisu. Lau angalifanya hivyo, tani kadhaa za maji zingalimwagika kwa mara moja juu ya watu waliosimama pale, na nyingine zingalipita katika ufa na kuuloweza udongo ulio chini, nasi hatukujua kilichoko chini. Tuliyavuta kwa mipira mpaka barabarani, na majirani wakaja na ndoo na madumu yao, kwa hivyo hayakupotea yote. Muda wote huo tulikataza mtu yeyote asisimame upande wa kaskazini.

Jioni alikuja fundi mwashi mmoja wa makamo, naye alisoma chuoni kwetu zamani. Hakuanza kwa kuvunja. Alichukua mtaimbo akawa anaugonga chini polepole, hatua kwa hatua, kutoka ukuta wa magharibi. Sauti ilikuwa nzito na fupi, kama mtu apigaye jiwe. Alipofika karibu na tundu la maji ya mvua sauti ikageuka, ikawa yaitika kama ngoma. Akaweka alama kwa chaki, akaendelea, na mwisho alama zile zikawa umbo la mraba mrefu, na zaidi ya nusu ya bwawa letu ilikuwa imekaa ndani yake.

Alipofungua tundu moja tuliona mambo yote. Zege lenyewe, ambalo tulidhani ni la inchi nne, lilikuwa inchi tatu, wala halikuwa na nondo hata moja. Chini yake kulikuwa na kifusi cha kadiri ya shibiri, chini ya kifusi chokaa ya zamani, na chini ya chokaa boriti za mikoko zilizooza hata ukizishika zavunjika mkononi kama mkate mkavu. Kisha giza. Aliteremsha kamba yenye jiwe, ikaenda mita 3 kasoro kidogo. Fundi aliyelimwaga zege lile hakutuambia kitu, na yamkini hakujua. Sisi tuliokuwa wenyeji wa mahali tulikuwa na wajibu wa kuuliza, na bibi aliyejua alikuwa akikaa hatua ishirini kutoka mlango wetu.

"Lakini gari la mchanga lilisimama hapa," tulimwambia fundi, kwani nafsi ya mtu haikosi kujitetea.

"Maalim," akasema, "gari lilikaa saa ngapi? Na lilisimama hapa juu ya jabia, au lilisimama kule mlangoni?"

Lilisimama mlangoni.

Hapo ndipo alipotufunulia hesabu ambayo tungaliweza kuifanya sisi wenyewe kwa elimu yetu ya skuli ya msingi, na zaidi kwa elimu ya vitabu vya fiqhi tunavyovisomesha. Kila mtoto aliyesoma mlango wa twahara ajua kipimo cha maji ya kulatein, ambacho kwa chombo cha pembe nne ni dhiraa moja na robo urefu wake, na mapana yake, na kina chake. Ukikadiria dhiraa na robo kuwa sentimita 60, kama wafanyavyo wengi, itatoka lita 216; wengine hukadiria pungufu ya hivi na wengine zaidi. Sasa, lita moja ya maji uzito wake ni kilo moja. Kwa hivyo birika dogo la kulatein, ambalo mtu huliona ni kitu kidogo pembeni mwa msikiti, lina uzito wa watu wazima watatu. Bwawa letu likijaa lingalichukua lita 12,560, yaani zaidi ya kulatein 58. Ni tani 12 na nusu. Ni sawa na mifuko 250 ya saruji, au watu 180 waliosimama uani bega kwa bega. Nasi, tuliosomesha kulatein kwa miaka 30, hatukupata kuiuliza kulatein uzito wake.

Walakini yataka insafu. Tani 12 na nusu zikienea juu ya duara la mita 4, kila mita moja ya mraba hubeba tani moja tu, na kila sentimita ya mraba hubeba sehemu moja katika kumi ya kilo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu miwili hubana ardhi kuliko hivyo. Udongo ulioshindiliwa vizuri waweza kuchukua tani 10 au zaidi kwa mita ya mraba, na jiwe la matumbawe zaidi ya hapo. Basi mwenye kusema kuwa zege la uani laweza kubeba bwawa hakusema uongo. Likiwa limekaa juu ya ardhi madhubuti laweza bila taabu, kwa sababu hapo zege halibebi kitu, bali lapokea kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono wa pili. Abebaye ni ardhi.

Khatari iko katika mambo mawili ambayo mguu wa mtu hauyaonyeshi. La kwanza ni upana. Fundi alitupigia mfano wa kitanda cha kamba: ukibonyeza godoro kwa kidole, pamba ya juu tu ndiyo iingiayo, ukilala kwa mwili mzima, kamba za chini zalia. Mzigo mwembamba nguvu zake huishia karibu, na mzigo mpana huzama mbali, kadiri ya upana wake au mara mbili yake. Kwa hivyo bwawa la mita 4 huisukuma ardhi iliyo chini kwa mita kadhaa, na lolote lililoko huko, jabia, shimo la choo la zamani, au kifusi kilichojazwa bila ya kushindiliwa, litaulizwa khabari zake. La pili ni muda. Gari hukanyaga likaenda. Maji hukaa usiku na mchana.

Tena zege ni hodari wa kubanwa na dhaifu wa kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kiasi cha fungu moja katika mafungu kumi ya nguvu yake ya kubanwa. Likiwa na pengo chini, mzigo hulipinda, na upande wake wa chini huvutwa. Huko ndiko lipasukako, mahali ambapo hapana jicho la mtu. Ndiyo sababu hutiwa nondo.

Na tusisahau usawa. Ua uliojengwa vizuri haukai sawa, maana hufanyiwa mteremko makusudi ili mvua ipite. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita haumsumbui mtu, lakini kwa bwawa la mita 4 ni sentimita 8, na maji hayakubali kuinama pamoja na sakafu. Yatasimama sawa na kuongeza kina upande wa chini. Maji ya mita 1 husukuma kila mita moja ya ukuta wake kwa nguvu ya nusu tani, na nguvu hiyo haiendi sambamba na kina: kina kikiwa nusu, msukumo hushuka hata robo, kikizidi kidogo, msukumo huzidi zaidi.

Mzazi mmoja alitoa shauri kuwa basi lipandishwe juu ya sakafu ya ghorofa ya chuo, kwani kule ni zege lenye nondo na sitara iko. Twaomba asituchukie tukilitaja shauri lake, maana twajua wengi wanalo. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kukaa hukadiriwa kuchukua kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hayo ni maji yasiyofika shibiri moja. Juu ya sakafu za ghorofa bwawa halipandishwi, isipokuwa jengo limechorwa na mhandisi kwa ajili yake tangu mwanzo.

Jambo hili halihusu mabwawa peke yake, na kwa nyumba nyingi za wasomaji wetu huenda bwawa lisije kamwe, lakini tangi la plastiki limekwisha kuja. Tangi la lita 5,000 ni tani 5, nalo ni jembamba na refu. Maji yake yakisimama mita 2, kila mita ya mraba chini yake hubeba tani 2, maradufu ya bwawa letu. Tumeyaona yamewekwa juu ya vifuniko vya mashimo ya choo, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Mwenye tangi kama hilo na alitoe maji kwanza, kisha ndipo aendelee kusoma.

Bwawa letu sasa liko upande wa magharibi, mahali ambapo mtaimbo uligonga jiwe. Fundi hakuamini sauti peke yake. Alivunja matundu matatu ndani ya duara na kila moja lilifika kwenye matumbawe kabla ya dhiraa moja. Kisha tukaondoa zege la zamani, tukashindilia kokoto, tukamwaga jipya la inchi tano lenye wavu wa chuma, likapimwa kwa mpira wa maji mpaka pande zote nne zikalingana. Tulisubiri siku 28, ambazo ndizo muda uliozoeleka wa zege kukomaa, na watoto walituuliza kila siku katika siku hizo. Juu yake tulilifagia mara tatu, kwa sababu punje moja ya kokoto chini ya maji ya tani 12 ni msumari, tukatandika mabusati makuukuu ndipo turubai likawekwa. Maji tuliyajaza kwa mafungu matatu, na kila fungu likalala usiku mmoja, na asubuhi tukapima kutoka ukingoni mahali panne. Ngazi hutolewa kila baada ya somo na kufungiwa ndani, na bwawa hufunikwa. Mbu nao wataka kukumbukwa. Maji yaliyoachwa bila dawa na pampu ni nyumba yao.

Jabia tumelizungushia ukuta mfupi kwa sasa. Wako wasemao lijazwe kifusi, na wako wasemao lisafishwe lirudi kukusanya mvua. Bibi yetu asema lilikuwa waqfu wa babu yake kwa wenye kutawadha, na ikiwa ni hivyo basi si letu kulijaza. Wazee wanalitazama.

Wavulana wameanza Jumamosi na wasichana Jumapili, pamoja na mwalimu wao wa kike. Yule bwana aliyetuambia kazi yetu ni msahafu alimleta binti yake wa miaka saba katika juma la pili. Alimwachia mlangoni, hakuingia. Aliuliza swali moja tu, lile lile tuliloulizwa siku ya Jumatano: kama zege litabeba. Tulimchukua tukamwonyesha matundu matatu yalikokuwa, na wavu ulivyolazwa, na alama nne za ukingoni, na tukampa mtaimbo akagonga mwenyewe.

Siku hiyo msichana mmoja, naye bado maji yamtiririka, alitusimamisha kutuuliza: "Maalim, bwawa limepita kulatein; twaweza kutawadha kwalo?" Tukamwambia yafaa, maadamu halikugeuka kwa najisi rangi wala ladha wala harufu. Akanusa kiganja chake, akasema, "Lakini lanuka dawa." Tukamwambia kuwa badiliko dogo la kitu twahara, ambalo haliyaondolei maji jina lake la maji, halidhuru. Alifikiri kidogo, kisha akauliza ni kiasi gani cha dawa ndicho kidogo, na hesabu hiyo tuliifanya pamoja siku ya Jumatatu, ubaoni.